Seva ya Bure Chini ya Ngazi

Ofisini walimwita Mama Kebo, jina alilolipata kwa magoti. Miaka tisa alikuwa akitambaa chini ya meza za wachoraji wa ramani za majengo, akivuta nyaya, nao mabosi wakiinua miguu kidogo tu apite. Ufundi aliuanzia kwenye kibanda cha redio cha mjomba wake; ya kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa ubishi.

Ofisi yenyewe ilikuwa mchanganyiko. Mapokezi walikuwa na kompyuta za aina moja, wachoraji za aina nyingine za kuringia, na stoo kulikuwa na mikweche aliyoifufua yeye. Iliyozipatanisha zote ni seva yake, kompyuta ya kutunzia mafaili ya wote, kasha kuukuu lililokaa chini ya ngazi pamoja na ndoo za kudekia. Liliendeshwa na programu huria, ile isiyouzwa leseni, ambayo mwenye akili anaweza kuifungua akaona ndani mna nini. Ukibofya picha ya kabati kwenye skrini yoyote, ramani zote hizo.

Meneja mpya alipoambiwa kuwa ni ya bure, alikunja pua kama aliyenusa soksi.

"Bure? Ofisi ya hadhi hii?"

Mkataba wa Mama Kebo ulikuwa unaisha Ijumaa. Meneja alishaamua kumpa kazi shemeji yake, mshauri wa mitambo kwa maelezo yake mwenyewe. Shemeji akaja na suti na seva mpya yenye taa za bluu, akaisimamisha kwenye meza ya mikutano kama kombe la ubingwa.

Mama Kebo aliandika barua: hamisheni mafaili kwanza, kisha elekezeni kila kompyuta kwenye seva mpya, ndipo mzime ya zamani. Kesho yake aliiona mezani kwa Meneja, imekaliwa na kikombe cha chai.

Alhamisi asubuhi wote wakaitwa. Shemeji akabofya kabati mapokezi, ramani zikajaa. Kwa wachoraji, zikajaa. Hata stoo.

"Mnaona kasi hiyo?"

"Kitu cha kununua, bwana!" Meneja akapiga makofi.

Mama Kebo alikuwa anaangalia nyuma ya lile kombe. Waya wa umeme ulikuwa umechomekwa. Kebo ya mtandao ilikuwa imelala mezani, bado na kamba yake ya kiwandani.

"Baba, una hakika mafaili yamehamia humo?"

"Mama, hii ni ya kisasa. Wewe kashughulike na ndoo zako."

"Haya. Meneja, nizime ile ya bure?"

"Zima!"

"Nizime kweli?"

"Uambiwe mara ngapi? Zima, ukabidhi na funguo!"

Watu ishirini walisikia. Akashuka, akazima taratibu, kwa adabu zote za kazi.

Juu kukalipuka.

"Kabati langu liko wapi?"

"Jamani, ramani ya shule! Mteja anaifuata saa tano!"

"Ni virusi," shemeji akasema, jasho likimtoka.

"Virusi gani?" mchoraji mkuu, mama wa miwani, akaiinua ile kebo kwa vidole viwili. "Hii umeileta uifanyie nini, ufungie mzigo?"

Kwa mara ya kwanza Meneja akafika chini ya ngazi, akiruka ndoo.

"Mama, iwashe basi."

"Hii ya bure?"

"Tuache utani."

"Sitanii. Mkataba wa miaka mitatu, na chumba chenye kufuli."

"Miwili."

Juu ya vichwa vyao viatu vikaanza kupanda ngazi, polepole, viatu vya mtu mnene.

"Mteja wako huyo," Mama Kebo akasema.

"Mitatu! Mitatu, chumba utapata!"

"Andika."

Meneja akapapasa mifuko, hana karatasi. Mama Kebo akamtolea ile barua yenye duara la chai, aliyoiokota mezani kwake, akaigeuza upande mweupe. Akasubiri hadi sahihi ilipokamilika, akaisoma, akaikunja, ndipo akabonyeza kitufe.

Seva ya shemeji ipo mapokezi hadi leo, taa za bluu zinawaka, wageni wanaisifu. Kebo yake haijafunguliwa kamba.