Mzee wa Kasense aliyekuwa akipandisha shuleni na mtoto mchanga mgongoni

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini hili limenikaa kifuani muda mrefu, acha leo nilitoe. Sio chai, ni kisa cha kweli. Nimebadilisha majina tu, maana wahusika ni majirani zangu na watoto wao wanaingia humu.

Mimi ni mwanamke, fundi cherehani, kwetu Mbeya. Sumbawanga nilikuja kumfuata mume, ni mtumishi wa serikali huku. Kibanda changu kipo Kasense, kando ya barabara inayopanda kwenda sekondari. Nashona zaidi sare za shule, kwa hiyo ile barabara naijua. Najua nani kapita, nani hajapita.

Mume wangu anaita umbea. Mimi naita kuwa macho.

Sasa kuna msimu mmoja, mahindi ndio yanaanza kubeba, nikaanza kumwona mzee mmoja anapandisha. Koti zito la baridi, kofia ya sufu, gambuti miguuni. Mgongoni kafunga mtoto mchanga kwa kitenge cha maua mekundu.

Wakuu, wanaume wa huku nimewaona wakibeba jembe, gunia la ulezi, wengine wanasukuma baiskeli imejaa mkaa mpaka huoni tairi. Lakini mtoto mgongoni, kwa kitenge? Sijawahi.

Alikuwa anapita mida ya saa nne kasoro, baada ya muda anashuka. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo.

Vijana wa bodaboda pale kijiweni wakimwona wanapiga mluzi. "Bibi huyo anapita!" Mzee hata shingo hageuzi.

Mimi nikaanza kubuni. Kwanza nikadhani kliniki, lakini huko juu hakuna kliniki. Mteja wangu mmoja akasema mke wa mzee kafariki. Mwingine akasema mtoto anapelekwa kuombewa. Kila mtu ana jibu, hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Siku moja mvua ikamkuta hapo hapo mbele yangu, akaingia chini ya bati langu kujikinga.

Nikamwamkia, "Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

"Baba, samahani. Huyu mtoto huwa unampeleka wapi?"

Akanitazama kama nimeuliza jua linatokea upande gani.

"Kunyonya."

"Kunyonya wapi?"

"Shule. Mama yake yuko form four."

Cherehani ikasimama, wakuu.

Tukaongea mpaka mvua ikapungua. Mzee Silvanus ni mkulima. Huyo binti anaitwa Leokadia, kitindamimba wake. Alipata ujauzito akiwa form three, akakaa nyumbani. Baada ya kujifungua, mzee akasikia kwenye mkutano wa mtaa kwamba siku hizi mabinti wanaruhusiwa kurudi. Akavaa koti lake akaenda mwenyewe kwa mkuu wa shule kuuliza kama ni kweli. Ni kweli.

Shida ikawa mtoto. Chupa anaitema. Maziwa ya ng'ombe anatapika. Anataka mama yake tu. Ndipo mkuu wa shule, mama mmoja mkali lakini ana utu, akahamisha majembe kutoka kwenye stoo, akaweka kiti. Saa ya mapumziko Leokadia ananyonyesha humo, kengele ikigonga anarudi darasani.

Najua mtaniuliza baba wa mtoto yuko wapi. Na mimi niliuliza. Mzee akajibu "Kasanga", kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Nikaelewa kwamba huko ziwani mtu akipanda boti ya mizigo, kumpata tena ni kazi.

Nikauliza swali la mwisho. "Na mama yake Leokadia?"

"Yupo."

"Anaumwa?"

"Mzima." Akakaza fundo la kitenge. "Mvua imeisha, kengele itanikuta njiani."

Hapo ndipo usingizi wangu ulipoharibika. Mama yupo, mzima, halafu mtoto anabebwa na babu? Mimi siku zote nilijua baba ndiye anakuwa mgumu, mama analia pembeni. Hapa mambo yamegeuka. Kwa nini?

Haikupita muda huyo mama akaja kwangu mwenyewe, kupunguziwa gauni la kwenda nalo jumuiya. Mfupi, msafi, maneno machache. Tukiwa tunapima, mzee akapita na mtoto. Mama Leokadia akageuka akatazama ukutani mpaka mzee alipopotea.

Sikuuliza kitu. Mume wangu hakuamini nilipomwambia kwamba nimejizuia.

Ikaja ile baridi ya katikati ya mwaka. Watu wa uwanda wa Ufipa mnaijua, upepo unapita kwenye sweta kama hujavaa. Wiki ya mtihani wa mock, asubuhi, simu yangu ikaita. Mzee Silvanus, namba yangu aliichukua siku ile ya mvua, pumzi zinakatika.

"Fundi, mwanangu, kifua kimenibana. Kusimama siwezi. Nisaidie umpandishe mtoto. Leokadia alishasema, siku mtoto asipofika, yeye anafunga madaftari yake moja kwa moja. Namjua, atafanya."

Nikafunga kibanda, nikachukua bodaboda mpaka kwake.

Mzee kalala karibu na moto, kajifunika mablanketi. Mtoto analia mikononi mwa bibi yake, uji umemwagika mpaka kifuani.

"Shikamoo mama. Baba kanipigia nimpeleke mtoto kwa mama yake."

"Wewe si yule fundi wa gauni langu?"

"Ndiye mimi, wa pale barabarani."

"Wa Mbeya."

"Ndiyo mama."

Akamtazama mumewe, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Mjukuu wangu abebwe na mtu wa Mbeya, mimi nimekaa hapa na miguu yangu miwili? Watu waseme mimi ni mtu wa namna gani?"

Akachukua kile kitenge, akamrusha mtoto mgongoni kwa mkupuo mmoja. Mzee akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Sijui kilikuwa kikohozi au kicheko.

Tukatoka wote wawili. Njiani nikashindwa kuvumilia.

"Mama, naomba nikuulize kitu."

"Hata nikikataa utauliza."

"Kwa nini ulikuwa hutaki Leokadia arudi shule?"

Akakaza mwendo. Nikadhani nimeharibu.

Akasema, "Mimi nilikuwa darasa la tano. Mama yangu akajifungua mapacha. Nikaambiwa kaa nyumbani ubebe mmoja. Nikabeba. Walipokua wakapelekwa shule wote wawili, mmoja sasa ni mwalimu Mpanda. Mimi nikaolewa."

Akamtikisa mtoto kidogo, ameanza kulia tena.

"Leokadia sijamchukia. Ila kila nikimwona baba yake anafunga kitenge, najiuliza, wakati wangu alikuwa wapi mtu wa kunibebea?"

Mimi mwenye maswali yote yale, nikamfunika mtoto miguu, tukaendelea kupanda.

Getini mlinzi akashangaa. "Leo babu yuko wapi?"

"Anaumwa. Leo ni bibi. Fungua."

Kengele ikagonga. Leokadia akaja anakimbia, macho yanatafuta koti la baba yake. Alipomwona mama yake akasimama kama kagonga ukuta. Nilikuja kujua baadaye kwamba wale wawili walikuwa hawaongei nyumbani, zaidi ya "chakula hiki hapa".

"Shikamoo mama." Machozi tayari.

"Marahaba. Kaa unyonyeshe. Utalia ukimaliza mitihani."

Akamkabidhi mtoto. Akabaki kasimama mlangoni mwa stoo, anakunja na kukunjua kitenge. Kisha, "Mtihani wa nini leo?"

"Bailojia."

"Umeweza?"

"Kiasi, mama."

"Kiasi gani?"

Leokadia akacheka huku analia. Nikaona niwaachie nafasi, nikaenda kusimama na mlinzi.

Mzee alipelekwa hospitali, akatibiwa kichomi, akapona. Mama Leokadia ndiye aliyebeba siku zote hizo. Mzee alipopata nguvu na kutaka zamu yake, walibishana kweli kweli. Mpaka leo nikikumbuka nacheka.

Leokadia alifaulu. Sio kwa kishindo, ila vizuri. Sasa yuko chuo, anasomea uuguzi. Mtoto yupo kwa babu na bibi, anakimbia hovyo, anakuja kwangu kuokota vipande vya vitambaa.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Nilidhani binti akishafunguliwa mlango wa shule, mambo yameisha. Kumbe nyuma ya kila binti aliyerudi lazima kuwe na mtu aliyekubali kushika mtoto saa nne asubuhi, na kuchekwa. Asipokuwepo huyo, mlango utakuwa wazi na binti atabaki nyumbani. Na pengine kuna mwingine humo humo ndani, mtu mzima, anayeumia kimya kwa sababu yeye hakushikiwa.

Kwenu ikoje? Muze, Kasanga, hata nje ya nchi kwa mlioko huko: shule zinafanyaje na mabinti wenye watoto wachanga? Kuna chumba? Kuna mtu? Nataka kujua kweli, maswali yangu hayaishi. Na wewe uliyerudi shule ukiwa na mtoto, tuambie nani alikushikia.

Juzi walipita wote watatu kibandani, babu, bibi na mjukuu. Nikamuuliza Mama Leokadia, kama utani, kama angetaka kwenda yale madarasa ya watu wazima, aanzie pale alipoishia.

Akacheka. "Na huyu nimwachie nani?"

Mzee Silvanus alikuwa anafuta matope kwenye gambuti zake. Hakuinua hata kichwa.

"Mimi nipo," akasema.