Nilivyofuta Meno ya Mdogo Wangu

Mama yangu hanijui tena, na aliyenifuta ni mimi mwenyewe.

Nilitumia msasa.

Ngojeni niwaeleze, maana najua kuna walioanza kucheka.

Mimi ni fundi rangi wa magari. Shule niliiacha mapema, lakini niletee mlango uliobondeka, utadhani umetoka kiwandani leo. Tena nakusanya sanamu za mashujaa wa Kijapani, wale wa kofia ngumu na mikanda inayowaka taa, pamoja na vigari vyao vinavyogeuka roboti. Ndiyo, na mvi zangu hizi. Mke wangu huniita Chekechea.

Kigari kilichonitia ugonjwa huo hakikuwa changu. Kilikuwa cha zimamoto, chekundu, ngazi yake inageuka mkono wa roboti. Mwenyewe ni mdogo wangu, tuliyemwita Kunguru kwa sababu alikuwa akitambaa na kuokota kila kinachong'aa. Alikitafuna alipoota meno. Homa ikamchukua kabla hajajua kukimbia.

Mama akakitunza.

Kumbukumbu zilipoanza kumtoka, alibaki na hicho. Alikipapasa kwa kidole gumba, na akifika kwenye vishimo vya meno, uso unafunguka.

"Huyu Kunguru atakimaliza! Na wewe kaka yake unamtazama tu?"

Kaka yake ni mimi. Nje ya hapo aliniita "fundi".

Kila jioni nilikaa mbele yake kungoja kugombezwa.

Sasa kiherehere. Nikakipiga picha, nikaituma kwenye kundi letu la wakusanyaji, nikaandika ni cha mama.

"Kaka, hicho kimetafunwa na panya au na wewe?"

"Fundi mzima, kigari cha mama kinatia aibu!"

Yaliniingia. Nang'arisha magari ya watu, cha mama yangu kimechakaa? Nikaona anastahili kipya.

Akiwa amelala mchana, nikakichukua. Nikaziba vishimo kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi, nikang'arisha mpaka nikauona uso wangu ndani yake. Kundi zima likanivulia kofia.

Nikampelekea. Akapapasa. Akageuza, akapapasa tena, kidole kinatafuta.

"Fundi, hiki cha nani?"

"Chako, Mama. Cha Kunguru."

"Kunguru?" Akaniangalia kama anayetazama mlevi. "Kunguru si ndege?"

Akanirudishia mkononi.

"Mpelekee mwenyewe, baba, asije akalia."

Nikaingia jikoni, nikakiuma. Wallahi, niliking'ata. Mwanamume mzima na kigari mdomoni, nakiguguna palepale alipogugunia mtoto, rangi inachubuka kwenye ulimi. Mke wangu alisimama mlangoni. Siku hiyo hakuniita Chekechea.

Nikarudi kwa Mama. Kidole kikapita juu ya alama za meno yangu.

"Mbwa huyo," akasema. "Mfungeni."

Akafumba macho.

Ndugu zangu, ukiona kitu cha mtu kimechakaa, uliza kwanza ni nani aliyekichakaza. Mimi sikuuliza.

Nilichopata ni sifa za watu nisiowajua hata sura. Nilichotoa ni vishimo vya meno ya mtoto, mdogo wangu, mama yangu, na yule kaka aliyekuwa akitazama tu.