Uwanja Aliouchora Baba

Baba alikuwa mchoraji ramani katika ofisi moja ya wahandisi mjini, na ndiye aliyechora uwanja mpya wa mpira uliopangwa kujengwa mtaani kwetu Ziwani. Jumapili moja tulipotoka kanisani alitutandazia ramani mezani, akatuonyesha kwa kidole jukwaa litakapokaa na lango la kuingilia. Sikuwahi kumwona akijivunia kitu namna ile.

Kiwanja cha vumbi ambako timu ya mtaa ilichezea kikazungushiwa mabati. Nguzo chache zilisimama, kisha mafundi wakaacha kuja bila yeyote kutuambia sababu. Mwaka ukapita, timu ikavunjika kwa kukosa pa kuchezea, na majirani wakaanza kumkwepa baba.

Jumamosi moja nilimsindikiza kwa nahodha wa timu, aliyekuwa akishona viatu kando ya barabara. Baba akamwomba msamaha.

“Mzee, wewe ulichora tu,” nahodha alisema, macho yakiwa kwenye kiatu.

“Lakini ni mimi niliyewashawishi mhame kiwanjani.”

Nahodha aliendelea kushona. Tulirudi nyumbani, na baba hakuzungumzia mpira tena.