Tovuti ya Bwejuu Siku ya Hina

Khawla binti Zahor hakujua kukaa bure. Alipomaliza kidato cha nne alijiandikisha kozi ya kompyuta pale Mlandege, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Wenzake walikwenda kujifunza kuandika barua na kutuma salamu Maskati. Yeye alitaka kujua ukurasa unatoka wapi, nani kauweka, na kwa nini wakati mwengine haufunguki. Maswali yalipozidi, mwalimu alimkabidhi kitabu kinene akamwambia kasome mwenyewe, tuonane ukimaliza. Akakisoma. Kufika mwaka 2007 alikuwa ndiye fundi wa tovuti za nyumba za wageni, toka Nungwi hadi Makunduchi, na kazi yote akiifanya kwao Kiponda, kompyuta yake juu ya meza ya cherehani, waya wa simu ukiingilia dirishani.

Katika wateja wake, aliyempenda zaidi ni Bi Salhiya wa Bwejuu, mama aliyeacha kulima mwani akajenga vibanda vya makuti ufukweni. Wageni walikuwa wakiomba vyumba kwa kujaza nafasi kwenye tovuti, hata namba za kadi zao za benki wakiziandika humo. Siku moja mgeni wa Uswidi akatuma ujumbe wa adabu kabisa: habari hizi zinasafiri wazi, anayetaka kuzichungulia njiani atazichungulia. Khawla aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akatafuta cheti cha usalama, akakiweka, na tovuti ikapata anwani mpya, inayoanza na https badala ya http, yenye kikufuli kidogo pembeni mwa skrini kumwonesha mtu kwamba anachoandika kimefungwa.

Shida ikabaki moja. Wageni walikuwa wakiijua anwani ya zamani tu, na ndiyo iliyokuwa kwenye vipeperushi vyote. Dawa yake ni kanuni ya kuiandikia seva, ile kompyuta ya ng'ambo inayohifadhi kurasa: kila anayekuja kwa anwani ya wazi, imhamishe yenyewe kwenye ile salama. Khawla aliiandika kanuni hiyo mbio mbio asubuhi ya siku yake ya hina, maana alikuwa anaolewa Ijumaa na Mundhir, mfamasia wa mtaa wa Malindi, na hakutaka kuingia harusini na kazi ya mtu mkononi.

Adhuhuri alikuwa amekalishwa kwenye mkeka, mikono na miguu imejaa maua ya hina mbichi, chumba kimejaa wanawake na moshi wa udi. Simu ya mkononi ikalia. Mdogo wake Reem akamwekea sikioni.

"Shikamoo, Bi Salhiya."

"Marahaba, mwanangu. Samahani, najua leo siku gani. Lakini wageni wananipigia toka Ulaya, wanasema tovuti haifunguki. Mmoja kaniambia inazunguka tu, inazunguka, mwisho inakata tamaa. Na msimu ndio huu!"

Khawla akafumba macho, na palepale akaliona kosa lake. Alikuwa ameiambia seva imhamishe kila anayefika. Kila anayefika! Hata aliyekwishafika kwenye anwani salama alikuwa akihamishwa tena kulekule, akifika anahamishwa tena. Alisahau mstari mmoja wa sharti: kama mtu yuko kwenye anwani ya wazi, basi ndiyo umhamishe.

"Nshajua," alisema. "Nipe nusu saa, usikate."

Akaanza kunyanyuka. Bi Duni, somo yake, yaani kungwi wake wa harusi, akambonyeza bega akamrudisha chini.

"Wapi?"

"Somo, mstari mmoja tu."

"Na hina hii? Nimeikalia tangu asubuhi uje uipake kwenye mashine? Tena bi harusi hafanyi kazi."

"Basi Reem..."

"Mimi?" Reem akacheka. "Mimi natafuta herufi moja mpaka alasiri."

Bi Duni akashusha pumzi, akajifunga kanga vizuri kiunoni. Kabla ya kustaafu alikuwa mpiga taipu wa ofisi moja ya serikali, na vidole vyake vilisifiwa mji mzima. "Nileteeni hicho kidude. Wewe sema, mimi napiga. Ukisogeza mkono tu naondoka."

Reem akaunganisha waya, modemu ikapiga kelele zake, na akina mama wakasogea kutazama. Khawla akautaja mstari toka kichwani, neno baada ya neno. Bi Duni akapiga bila kuangalia vidole.

"Alama ya asilimia. Kisha mabano."

"Mabano yapi? Haya ya mviringo?"

"Yale yenye kiuno."

"Haya, nimeyaona. Enzi zetu hayakuwepo."

"H, T, T, P, S, herufi kubwa. Funga mabano. Nafasi. Kisha off."

"Ya kuzimia taa?"

"Hiyohiyo. Yaani kama usalama umezimwa. Sasa hifadhi."

Reem akaandika anwani ya zamani, polepole, kidole kimoja. Picha ya ufukwe wa Bwejuu ikajitokeza taratibu, na chumba kikalipuka vigelegele. Bi Salhiya, aliyekuwa bado kwenye simu, akavisikia akapiga vyake huko huko.

"Imefunguka! Wacha hivyo hivyo, mwanangu, nenda kaolewe!"

Khawla hakucheka. Alikuwa akiiangalia pembe ya skrini.

"Kufuli liko wapi?"

Halikuwepo. Ukurasa ulifunguka, lakini kwa anwani ya wazi. Angeweza kunyamaza, na hakuna mtu mle ndani ambaye angejua. Akamfikiria yule Mswidi na namba yake ya kadi.

"Somo, nifungulie tena ule mstari." Akausoma, akatabasamu. "Umepiga F moja."

"Ofu si F moja?"

"Ya kuzimia taa ina mbili."

Bi Duni akaongeza F, akahifadhi, akajaribu mwenyewe. Safari hii anwani ilijibadilisha mbele ya macho yao, ile s ikajiingiza, na kikufuli kikakaa mahali pake. Khawla akaegemea ukuta, roho imetulia, mikono yake juu hewani kama mtu aliyeshikwa na polisi, hina haijaguswa.

Harusi ikapita vizuri, na Bi Salhiya akaja na kapu la pweza mkavu. Fungate ilipomalizika Bi Duni alibisha hodi kwa Mundhir, Khawla akadhani kaja kumtazama mwali wake.

"Nimekuja kwa yale mabano," Bi Duni akasema akivua viatu. "Yana kazi gani hasa?"

Wakakaa mezani mpaka chai ikapoa. Mwaka uliofuata, mwenye nyumba za wageni Fumba alipotaka tovuti, walikwenda kumwona wote wawili, na aliyezungumza zaidi ni Bi Duni.