Mafuta Kwenye Viti vya Gari

Gari langu la kwanza nililinunua miaka ya sabini, nikiwa karani wa kilimo mjini Kisii. Lilikuwa kuukuu, na viti vyake vyeusi vya ngozi ya bandia vilikuwa vimeanza kupasuka kwa jua. Mwenye duka la vipuri aliniuzia chupa ya dawa nyeupe kama maziwa.

"Mimina kwenye kitambaa, si kwenye kiti," alinionya. "Sugua dashibodi, milango na viti, ngoja kidogo, kisha kausha. Usukani usiuguse, utateleza mikononi."

Kila Jumapili, nyumbani Manga, nilifanya hivyo. Siku za kazi nilizunguka mashambani kwa gari la ofisi, pengine nikalala hukohuko Ekerenyo, na langu likabaki uani pamoja na mke wangu na watoto. Baba yangu aliishi juu kidogo ya boma letu. Gari hilo hakuwahi kulipanda. Alilizunguka tu, mikono nyuma.

Ijumaa moja nilirudi nikakuta kiti cha nyuma kinang'aa kuliko nilivyokiacha. Nilipitisha kidole kikateleza. Chupa yangu ilikuwa kabatini, dawa haijapungua. Nikamuuliza mke wangu nani alifungua gari.

"Sina la kukuambia, baba watoto," alijibu, akaendelea kupepeta wimbi.

Asiyejua husema hajui. Yeye alisema hana la kuniambia.

Jumatatu, kabla ya kuondoka, niliandika tarakimu za maili kwenye kijitabu changu, nikachomeka unyasi kwenye ufa wa mlango wa nyuma, ambao kitasa chake kilikuwa kibovu. Ijumaa unyasi ulikuwa chini. Maili zilikuwa zilezile. Basi gari halikutoka. Mtu alikuwa akiingia na kukaa, kisha anapangusa alama zake. Nikamkumbuka mwalimu mmoja aliyepita njia yetu kila jioni, akitoa salamu kwa sauti kubwa kupita kiasi. Nikaanza kunusa shali ya mke wangu akiwa kisimani. Nasema hivi kwa aibu.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumatano, nilimwomba dereva wa ofisi anishushe njia panda mchana. Nilipanda kilima kwa miguu. Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi na miguu ya mwanamume ilitokeza nje. Niliokota jiwe. Nilipofika karibu niliitambua ile miguu, visigino vilivyopasuka, na jiwe likaniponyoka.

Baba alikuwa amepiga magoti ndani, kibuyu cha samli kando yake, akisugua kiti kwa kiganja.

"Umerudi mapema," alisema bila kugeuka. "Ngozi hii umeiacha ikauke. Ile dawa yako ni maji matupu."

"Baba, hii si ngozi. Ni plastiki."

Alisimamisha mkono. "Haikutoka kwa mnyama?"

"La."

"Nilijua kuna jambo," alisema. "Nimeipaka wiki tatu, hainywi mafuta. Nikawa najiuliza ni mnyama gani huyu, na kwa nini mwanangu anamkalia bila kumjua."

Alifunga kibuyu chake, akapanda kwenda kwake.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Mkwe wangu akiingia garini mwa mwanawe, ni mimi wa kumsema?" Kwetu heshima kati ya mke na baba mkwe ni nzito, hata jina lake halitaji. "Lakini nilikuona ukiandika maili. Nikanyamaza nione utafika wapi."

Nilimwomba msamaha palepale, na tena siku iliyofuata. Alinipikia, aliniongelesha, ila gari alilikataa. Sabato baada ya Sabato alitembea kwenda kanisani na watoto, vilima viwili, nami nikiwafuata polepole na viti vitupu vilivyonuka samli. Siafu waliingia, nikaosha kwa sabuni mara nne, harufu haikutoka.

Mvua kubwa ndiyo iliyomrudisha, miezi mingi baadaye. Alifungua mlango, akawatanguliza watoto, kisha akaketi nyuma kabisa, karibu na dirisha.