Chumba cha Kando ya Jiko

Mimi ni fundi bomba, na fundi bomba haulizi nyumba ina wageni wangapi. Choo kinamwambia. Nyumba ya mtu mmoja, choo chake kinaweza kuugua mwaka mzima na asijue mtu. Lakini iingize ukoo mzima uliokuja likizo, basi asubuhi simu yangu inalia kabla sijanawa uso. Kwa njia hiyo nilifahamiana na Mama Vitanda.

Jina hilo majirani walimpa kwa utani, naye akalipokea kama lake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya marehemu mama yake, nyumba kubwa ya ghorofa moja yenye varanda ndefu mbele na tangi la maji nyuma. Mama aliwaachia watoto wawili: yeye na mdogo wake wa kike, ambaye wakati huo alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Dada mtu ndiye aliyemlea. Alimsuka, akamuuguza, akamsomesha, akamgombeza inapobidi. Mtoto akakua, akapata kazi ya ofisini, viatu vya kisigino na simu mbili.

Siku moja huyo mdogo akaja na wazo la kuikodisha nyumba kwa watu wa likizo. Hakutaka mke na mume wawili wawili, hao wana mahoteli yao. Alitaka makundi: ukoo unaokutana, watu waliosoma pamoja zamani, kwaya, timu za mpira, ofisi nzima inayotoka kupumzika. "Hoteli inawatawanya," alisema. "Sisi tutawaweka chini ya paa moja." Wazo zuri, mimi ni nani nilikatae? Mdogo akawa wa kupiga picha, kutangaza mtandaoni na kujibu simu. Dada akawa wa kupokea.

Na kupokea alikujua. Nimefanya kazi kwenye nyumba nyingine za namna hiyo, ambako kundi linatupiwa funguo na kuachwa ligombanie bafu. Mama Vitanda alikuwa akimpigia kiongozi wa kundi siku chache kabla, anamhoji mpaka mtu anadhani yuko kituo cha polisi. Nani anakoroma? Nani hapandi ngazi? Nani anaamka alfajiri kusali? Kuna aliyefiwa hivi karibuni? Kuna walionuniana? Kisha anapanga vitanda. Mkoromaji atalala chumba cha mwisho na yule mzee asiyesikia vizuri, na asubuhi wote wawili wataamka wamenawiri. Walionuniana hakuwatenganisha. Aliwakalisha jikoni wamenye vitunguu.

"Watalia wote," aliniambia. "Na mtu akishalia mbele yako, kumnunia tena kunakuwa kazi."

Taulo nazo zilikuwa na mpango. Mwenye taulo ya bluu bafu lake ni la juu, mwenye ya kijani ni la varandani, mwenye nyeupe ni la uani. Hapakuwa na foleni wala kugongeana milango. Wageni walicheka, lakini walifuata. Mimi peke yangu ndiye niliyelalamika, maana vyoo viliacha kuziba.

"Mama Vitanda, unataka nimwage unga?"

"Kunywa chai, Fundi," alisema. "Ukikosa choo utapata bomba."

Kundi likiwa ndani, naye alikuwamo. Alilala katika chumba kidogo kando ya jiko: kitanda kimoja, sanduku moja, dirisha linalotazama tangi. Akisikia mlango unafunguka alijua ni nani na anatafuta nini. Watu wengi wakikosa mwenyeji, alisema, wanageuka abiria, kila mtu anashikilia mzigo wake.

Kundi alilolipenda kuliko yote lilikuwa la wanakwaya fulani waliokuja kufanya mazoezi. Kiongozi wao alikuwa mama mnene, mcheshi, akicheka vikombe vinatikisika. Siku ya kwanza walipoanza kuimba pale varandani, sauti ya pili ikaitikia kutoka jikoni. Walinyamaza kusikiliza. Mama Vitanda hakujua kwamba wamenyamaza, akaendelea peke yake na mwiko mkononi. Yule kiongozi akaingia, akamshika mkono, akamleta katikati yao. Mimi nilikuwa chini ya sinki siku hiyo na niliona yote. Sijawahi kumwona mtu mzima akiona haya na kufurahi kwa pamoja namna ile.

Wiki chache baada ya hapo niliitwa kubadilisha bomba la jikoni. Nikachungulia chumba cha kando kutoa salamu. Kitanda hakipo, sanduku halipo. Ndani pamejaa vitanda vya ghorofa, vimegandana mpaka dirisha halionekani. Kwenye mlango mkubwa pamewekwa kufuli la kubonyeza namba, mgeni anajifungulia mwenyewe. Nikaambiwa Mama Vitanda amehama, amepanga chumba nyuma ya maduka ya mafundi cherehani.

Nilimfuata huko. Alinifungulia, lakini hakunikaribisha ndani. Alisimama kizingitini, na niliposogea akarudi nyuma.

"Wageni wamelalamika, Fundi," alisema.

Ilibidi nimvute maneno kama msumari kwenye ubao. Mdogo wake alikuja, akaketi kitandani pake, akamshika mikono. Akatoa na machozi. Akamwambia, Dada, sijui nikuambieje, wale wanakwaya wamenipigia. Walifurahia nyumba, lakini wanasema yule mama wa jikoni ananuka. Walivumilia kwa heshima tu. Wanasema hawatarudi ukiwapo.

Kichwa changu kilipata moto. "Ananuka nani? Mimi nimekunywa chai jikoni kwako miaka yote, pua yangu imekufa?"

"Wewe unashinda kwenye vyoo vya watu," alisema, na kwa mara ya kwanza utani wake haukunichekesha. Kisha akaongeza taratibu, "Afadhali mdogo wangu ameniambia. Wengine wote wangeniacha hivihivi niaibike. Ni yeye tu aliyenipenda kiasi cha kuniambia."

Kuanzia hapo nilimwona mtu akijifuta duniani. Alioga asubuhi, mchana na jioni, akajisugua ndimu mpaka ngozi ya kwapa ikachubuka. Kikundi cha akina mama alichokuwa mweka hazina wake akakiacha, akasema ana shughuli. Penye benchi alikaa mwisho, upande wa mlango, ambako upepo unatoka. Mashuka ya nyumba kubwa aliendelea kuyafua, kazi hiyo mdogo wake alimwachia, na aliyafua mara mbili, kisha akayafunga kwenye mifuko na kuyaacha getini kabla wageni hawajafika. Ukimwendea akuelekeze jambo, anaongea huku anarudi kinyumenyume. Kuimba aliacha kabisa. Na kila mara akimtaja mdogo wake, alimtaja kwa shukrani.

Mimi kinyongo changu chote nilikiweka kwa wanakwaya. Niliapa kwamba nikikutana nao watanitambua.

Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha mdogo mtu aliponipigia. Lile kufuli lao la namba limegoma, betri zimekufa, kundi liko getini na yeye bado yuko ofisini. Nimsaidie nikachukue ufunguo wa akiba kwa dada yake. Nilikwenda. Mama Vitanda, mikono bado ina povu la kufua, aliuweka ufunguo kwenye ngazi, akasogea pembeni, ndipo nami nikauchukua.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi wasinione."

Nilipofika getini nikakuta mabegi, na juu ya begi moja ameketi yule mama mnene.

"Fundi!" aliita kwa furaha. "Mama Vitanda yuko wapi? Sauti yetu ya pili iko wapi?"

Sikumjibu salamu. Nilimwambia hana haya. Nilimwambia kwamba mtu akikulisha, akakutandikia, akakuimbia, humpigii mdogo wake simu kumtangaza kwamba ananuka. Niliwaambia wote wanisikie kwamba yule mama wamemuua akiwa hai, anaishi chumbani kama mwenye ukoma kwa sababu yao, halafu leo wanamuulizia kwa meno yote nje. Nilisema na mengine ambayo fundi hasemi mbele ya watu wa dini.

Walinitazama kwa butwaa. Yule mama akasimama polepole.

"Nani amesema ananuka?"

"Nyinyi! Mlimpigia mdogo wake."

"Tulimpigia, ndiyo," alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Tulimpigia tumuombe vipimo vya dada yake. Tulitaka kumshonea sare ya kwaya. Akasema dada amesafiri, tukadirie tu."

Akafungua begi. Sare ilikuwa juu kabisa, imekunjwa vizuri, nguo ya mtu wa umbo la Mama Vitanda. Nilikosa pa kuweka macho. Hasira yangu yote ilikuwa imesimama pale na haina wa kumwangukia. Kisha ikapata mtu, nikatoa simu nikampigia mdogo mtu.

"Njoo kwa dada yako. Sasa hivi."

Hatukuingia kwenye nyumba. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu na hakuna aliyeuulizia. Tulikwenda wote nyuma ya maduka, kundi zima, mafundi cherehani wakasimamisha mashine kututazama. Mama Vitanda alipotuona alitaka kufunga mlango. Mama mnene akaweka mguu kizingitini, akamweleza yote, hakuongeza wala kupunguza. Mama Vitanda alisikiliza akiwa ameegemea ukuta wa ndani, mbali naye kadiri chumba kilivyoruhusu.

"Mlimpigia kwa ajili ya sare?" aliuliza.

"Kwa ajili ya sare tu, dada yangu."

Akaomba aulize tena, akauliza vilevile. Akajibiwa vilevile.

Mdogo mtu alifika anahema, viatu vya kisigino mkononi. Aliona watu, akaona sare, na hakukuwa na haja ya kumuuliza kitu. Alianza kueleza kabla hajaombwa. Alisema makundi ya siku hizi hayataki kumwona mwenye nyumba ndani. Alisema maofisi yalikuwa yanauliza kama nyumba ni yao peke yao, na kile chumba kilikuwa kinaingia vitanda vya watu wengi.

"Nilishindwa kukuambia utoke, Dada. Ni nyumba ya mama. Ungeona nakufukuza."

"Ukaona heri uniambie nanuka."

"Nilijua ukisikia wageni wamelalamika utatoka mwenyewe. Bila ugomvi."

"Nilitoka bila ugomvi," Mama Vitanda alisema. Sauti yake haikupanda. Ningependa ingepanda, ningependa angemzaba kofi, mimi mwenyewe mikono ilikuwa inaniwasha. "Ungesema, Dada, nataka chumba. Ningehama jioni ileile, na mashuka ningekutandikia. Nimekunyima nini tangu uzaliwe?"

Mdogo aliinama, akaviweka viatu chini.

"Wale watu nikawachukia bure," aliendelea. "Nikaacha kuketi na wenzangu. Nikaogopa hata kukata nywele, yule kijana wa saluni asinisikie harufu. Na wewe nilikuwa nakushukuru. Unajua hilo? Kila nikisali nilikuwa nakutaja, kwa sababu ulithubutu kuniambia."

Hapo mdogo mtu akavunjika. Alilia kwa sauti, kamasi na wanja vikachanganyika, akasema vitanda vile atavitoa kesho, chumba ni chake, nyumba ni yake, arudi leo, amsamehe.  Mama Vitanda akasema, "Nimekusamehe," na nadhani alikuwa anasema kweli, maana yule mtoto ni wa kwake na hana mwingine.

Mdogo akasikia neno hilo, akamwendea mikono wazi kumkumbatia.

Mama Vitanda akarudi nyuma, mpaka mgongo ukagusa dirisha, akabana mikono yake ubavuni. Mdogo mtu akasimama katikati ya chumba, akadhani amekataliwa, akaangua kilio upya. Wanakwaya nao walidhani hivyo, maana niliona mmoja wao akitikisa kichwa kwamba amestahili. Lakini mimi nilikuwa nimeishi na hatua zile za kurudi nyuma karibu mwaka mzima, nikajua si hasira wala si kukataa. Alikuwa ametoka kufua, hajaoga, na alikuwa anaogopa kumnukia mdogo wake.