Kiraka cha Mwalimu Wambura

Harufu ya chokaa mbichi siivumilii. Wajukuu wangu wakipaka ukuta hapa Mwisenge, mimi hubeba kigoda changu nikakaa nje mpaka ukauke. Wao hudhani ni kifua cha uzee.

Shule yetu ilikuwa upande wa Bunda, enzi za Mwingereza. Wazazi waliijenga wenyewe kwa udongo na nyasi, na ilipakwa chokaa pale tu mkaguzi alipotarajiwa. Mwalimu Wambura, aliyetufundisha masomo yote, alikuwa na kaptura moja ya kazi, na makalioni ilikuwa na kiraka cheusi cha kitambaa cha mwavuli. Mvua ikinyesha tulinong'onezana kwamba hapo tu ndipo hataloa.

Siku moja mama alirudi kutoka Musoma na furu wakavu waliofungwa kwenye gazeti. Lilinuka samaki, lakini lilikuwa na katuni: bwana mwenye kofia pana anamkama ng'ombe aliyeandikwa KODI, ndoo imejaa povu, mwalimu aliyekonda amesimama upande wa mkia, amekinga kikombe. Nilicheka mpaka mama akanizaba kofi la mgongo.

"We Masatu, gazeti ndo linakuchekeshaga hivyo? Kula!"

Usiku nikaacha kucheka, nikafikiri. Nyumbani kwetu jembe likivunjika hakuna aliyekwenda kumweleza babu. Tuliliweka mlangoni kwake, basi. Akitoka asubuhi akaliona, jingine lilipatikana. Nikaona mkaguzi naye akioneshwa, atajua.

Siku ya ukaguzi niliwahi shuleni na kipande cha mkaa, nikaichora katuni ile kwenye ukuta mweupe. Ili mkaguzi asikosee ni mwalimu yupi, nilimgeuza kidogo, nikamtia kiraka.

Mkaguzi, Mzungu mrefu, aliitazama kwa muda. Hakutabasamu.

"Wambura, wewe ni mtumishi wa serikali. Nani amechora siasa hii?"

Mwalimu aligeukia ukuta, akakiona kiraka chake. Mkono wake ulikwenda nyuma taratibu, ukakifunika.

"Ni mimi, bwana," nilisema. "Nilitaka umuone."

"Mtoto wa darasa la tatu hajui mambo ya kodi. Mwalimu amekutuma."

"Hajanituma! Yeye hajui kuchora, bwana. Hata ramani ya ubaoni namchoreaga mimi!"

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka, alimuuliza mwalimu kama analipwa ili watoto wamfanyie kazi. Kila neno nililotoa kumwokoa lilimzamisha.

Kabla ya mavuno aliachishwa kazi, akaondoka kwenda Buhemba kutafuta kibarua machimboni. Sisi wanafunzi tulimsindikiza na mizigo yake. Mimi nilibeba kuku. Njia panda alinipokea yule kuku, akanishika bega.

"Ng'ombe ulimpatia kabisa," alisema. "Ila kiraka, mwanangu, ungeniachia mwenyewe."

Nilisoma hadi sekondari nikiamini kosa lilikuwa mkono wangu, kwamba ningechora vizuri zaidi mkaguzi angeelewa. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu shuleni, nilipong'amua kwamba alielewa mstari kwa mstari. Babu alikuwa hajui kuwa jembe limevunjika. Mkaguzi alijua siku zote.